Luxembourg na neno "bado"



Mwishoni mwa Februari 2025, mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza swali baada ya ibada. Alikuwa amesikia redioni kwamba nchi za Ulaya zilitaka kuwawekea vikwazo wakubwa fulani wa Rwanda kwa sababu ya vita vya Kivu, lakini nchi moja ikakataa. Jina la nchi hiyo lilimpa shida kulitamka. "Pasta, hiyo Luxembourg ni nani? Ina nguvu kuwashinda Wafaransa na Wajerumani?" Watu waliokuwa karibu walicheka. Nilimjibu kwamba ni nchi ndogo sana. Jibu hilo lilimshangaza zaidi: kama ni ndogo hivyo, iliwazuiaje wengine 26?

Nilimwahidi kwamba nitamjibu vizuri siku nyingine. Nimechelewa, lakini kuchelewa kumenisaidia, maana sasa tunaweza kutazama pia mambo yaliyofuata.

Tuanze na nchi yenyewe. Luxembourg imebanwa katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586. Teritwari ya Masisi peke yake ni kubwa kuliko nchi hiyo nzima, na Rutshuru ni kama mara mbili yake. Watu wake hawafiki laki saba. Wana jeshi la watu kama elfu moja. Lakini ukihesabu pesa, picha inageuka: baada ya Marekani, hakuna nchi duniani inayohifadhi na kusimamia mifuko mingi ya uwekezaji kuliko Luxembourg. Pesa za watu wa mbali, ambao hawajawahi kukanyaga huko, zinapita katika vitabu vya hesabu vya mji mmoja ambao unaweza kuuzunguka kwa miguu kwa siku moja. Serikali inaongozwa na waziri mkuu Luc Frieden. Waziri wa mambo ya kigeni ni Xavier Bettel, ambaye mwenyewe alikuwa waziri mkuu kwa miaka kumi, kuanzia 2013 mpaka 2023. Si mgeni katika siasa, na Afrika anaifahamu.

Sasa, nguvu ya kuzuia inatoka wapi? Inatoka katika sheria ya Umoja wa Ulaya. Katika mambo ya biashara au mazingira, nchi 27 zinaweza kupiga kura na walio wengi wakashinda. Katika mambo ya nje, vita na vikwazo, sheria ni nyingine: wote wakubali. Kiti cha Luxembourg kinalingana na cha Ujerumani yenye watu zaidi ya milioni 80. Ni kama baraza la wazee ambamo ng'ombe hachinjwi mpaka kila mzee aseme ndiyo, hata yule aliye na mbuzi mmoja tu. Sheria hiyo iliwekwa ili wakubwa wasiwaburute wadogo. Na mara nyingi wadogo wanaitumia vizuri. Lakini mlango huohuo unampitisha pia yule anayetaka kuchelewesha, kama Hungaria ilivyofanya mara nyingi kuhusu Ukraine.

Tarehe 24 Februari 2025 mawaziri wa mambo ya kigeni wa Ulaya walikutana Brussels. Kumbukeni hali yetu siku ile. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, mabanki yamefungwa, watu wa kambi za wakimbizi kuzunguka mji wameambiwa warudi makwao ambako hakuna nyumba. Bukavu ilikuwa imeingiliwa katikati ya Februari. Makumi ya maelfu walikuwa wakivuka kwenda Burundi, wengine kwa kuogelea mto Ruzizi wakiwa na watoto mgongoni.

Siku hiyohiyo, katika chumba kilekile, mawaziri wale walipitisha furushi la 16 la vikwazo dhidi ya Urusi, kwa kuwa ilikuwa miaka mitatu kamili tangu Ukraine ivamiwe. Waliamua pia kulegeza baadhi ya vikwazo vya Syria, kwa sababu utawala wa Assad ulikuwa umeanguka. Basi mkutano ule ulijua kuadhibu na ulijua kusamehe. Walipofika kwenye orodha ya watu wa Rwanda na M23, Luxembourg ikasema tungoje.

Hii ndiyo sehemu inayotakiwa kusomwa polepole, maana wengi wetu tulisikia neno "kukataa" tu. Bettel hakusema kwamba Rwanda haina kosa. Hakusema kwamba hatakubali vikwazo kamwe. Alichosema ni kwamba Waafrika wenyewe wako katika mazungumzo, kwamba mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC wanatazamiwa kukutana siku chache mbele, na kwamba Ulaya isiwaharibie kazi kwa kutangulia kupiga fimbo. Kwa neno moja: bado.

Nataka niwe wa haki kwa hoja hiyo, maana ni hoja yetu. Ni sisi Waafrika ambao kwa miaka mingi tumesema matatizo ya Afrika yatatuliwe na Waafrika. Ni sisi tuliochoka na watu wanaokuja kutoka Paris au Washington na dawa waliyoichanganya bila kumuuliza mgonjwa. Mzungu akisema "nawangojea ninyi mseme kwanza," ni vigumu kumtukana. Na kuna jambo la pili la kumtetea: mpatanishi anahitaji pande zote ziendelee kukaa mezani, na mtu aliyewekwa kwenye orodha ana kisingizio cha kusimama na kuondoka. Tutaona kwamba kisingizio hicho kilitumika kweli.

Lakini tuhesabu siku.

Mazungumzo ya Luanda yalikuwa yamekwama tangu 15 Desemba 2024, pale Rais Kagame asipokwenda kwenye mkutano uliokuwa umeandaliwa. Tarehe 8 Februari 2025, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana pamoja Dar es Salaam. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Waliagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano na kutoa mwongozo wa kusimamisha vita mara moja. Siku nane baada ya agizo lile, M23 ilikuwa katikati ya Bukavu. Kwa hiyo ilipofika tarehe 24, Waafrika walikuwa wamekwisha kusema. Walisema vita visimame, na havikusimama.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Tarehe 21 Februari, siku tatu kabla ya mkutano wa Brussels, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2773. Azimio hilo lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina lake, likalitaka liache kuisaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo bila masharti. Wajumbe wote 15 walikubali. Ndani yao walikuwamo Waafrika watatu: Algeria, Sierra Leone na Somalia. Basi kama Luxembourg ilitaka kusikia sauti ya Afrika, sauti hiyo ilikuwa imesikika New York, imeandikwa, imepewa namba.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo hoja ya Bettel inapovunjika. "Bado" ni neno zuri mtu anapongojea kitu ambacho hakijaja. Hapa kilikuwa kimekuja.

Kwa nini basi? Wengi waliandika kwamba sababu ni pesa. Ni kweli kwamba Luxembourg na Rwanda wamekaribiana katika miaka hii ya karibuni. Luxembourg ina ubalozi Kigali, Rwanda imo kati ya nchi inazoshirikiana nazo katika maendeleo, na Kigali, inayotaka kuwa kituo cha fedha cha Afrika, imejifunza mengi kutoka kwa Luxembourg ambayo ni bingwa wa kazi hiyo. Mtu anaweza kuunganisha vitu hivyo na kura ya 24 Februari. Mimi siwezi kuapa juu ya yaliyo moyoni mwa waziri, na nawaomba ndugu zetu wanaoandika kwenye WhatsApp wasiape pia. Inatosha kusema hivi: nchi iliyojenga urafiki na mji mmoja wa Maziwa Makuu, na ambayo haina mazoea kama hayo na upande wa pili, itasikia maelezo ya upande mmoja kwanza. Hakuna haja ya rushwa ili jambo hilo litokee. Kigali ilikwenda kutafuta marafiki katika miji midogo ya Ulaya. Kinshasa, kwa muda mrefu, ilidhani kwamba Paris na Brussels zinatosha. Kosa hilo ni la kwetu.

Historia ya Luxembourg yenyewe inafanya jambo hili liwe gumu zaidi kulielewa, au pengine rahisi zaidi, inategemea unaisoma kutoka wapi. Mwaka 1867, wakuu wa Ulaya walikutana London na kutangaza kwamba Luxembourg itakuwa nchi isiyofungamana na upande wowote katika vita, na kwamba wote watalinda hali hiyo. Iliambiwa ibomoe ngome zake, na ikazibomoa. Kwa miaka karibu 50 karatasi ile ikatosha. Tarehe 2 Agosti 1914 jeshi la Ujerumani likaingia. Likaingia tena tarehe 10 Mei 1940, na safari hiyo halikuja kupita tu. Luxembourg iliunganishwa na Ujerumani, lugha ya Kifaransa ikapigwa marufuku, vijana wakaandikishwa kwa nguvu katika jeshi la adui. Watu walipoulizwa katika hesabu ya mwaka 1941 wao ni taifa gani na lugha yao ni ipi, waliambizana waandike jibu moja, Luxembourg, kila mahali. Agosti 1942 waligoma kwa sababu ya kuandikishwa jeshini kwa vijana wao, na watu 21 wakauawa. Mtawala wao, Duchess Charlotte, alikuwa uhamishoni akizungumza na watu wake kwa redio ya BBC kutoka London.

Msomaji wa Rutshuru au Nyiragongo hahitaji kufafanuliwa maana ya jirani mkubwa anayekuja na kusema kwamba watu wa hapa kwa kweli ni watu wake.

Baada ya vita hivyo Luxembourg ilifanya uamuzi. Ilifuta katika katiba yake, mwaka 1948, ile sheria ya kutofungamana, na mwaka 1949 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa NATO. Somo walilolichukua lilikuwa kwamba nchi ndogo haiokolewi na kukaa kimya. Inaokolewa na sheria ambayo wengine wako tayari kuilipia. Tangu hapo siasa yake ya nje imesimama juu ya sheria ya kimataifa, na kwa sehemu kubwa imetekeleza kwa vitendo. Inatoa kama asilimia moja ya pato lake kuwasaidia wengine, jambo ambalo mataifa makubwa mengi yameliahidi na hayakulifanya. Urusi ilipoingia Ukraine mwaka 2022, Luxembourg haikusema "bado."

Na ilikwisha kukutana na Kongo katika kazi hiyo. Mwaka 2013 na 2014 Luxembourg ilikaa kwa mara ya kwanza katika Baraza la Usalama. Rwanda ilikuwa kwenye Baraza hilohilo miaka ileile miwili. Novemba 2012 M23 ilikuwa imeingia Goma kwa mara ya kwanza, nchi kadhaa zikasimamisha misaada yao kwa Kigali, na tarehe 28 Machi 2013 Baraza likapitisha azimio 2098 lililounda ile brigedi ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi ndani ya MONUSCO, yenye ruhusa ya kushambulia. Luxembourg ilipiga kura ya ndiyo. Novemba mwaka huo M23 ilishindwa na kukimbia. Katika kipindi hichohicho Luxembourg ilisimamia kikundi cha Baraza kinachoshughulikia watoto katika vita. Mambo ya watoto wanaobebeshwa bunduki Masisi hayakuwa habari mpya kwao mwaka 2025. Walikuwa na mafaili yake.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema Luxembourg haijui Kongo. Inatujua, hata kwa njia ya zamani ambayo haizungumzwi sana. Haikuwa na koloni, lakini raia wake walikuja hapa chini ya bendera ya Leopold na baadaye ya Ubelgiji. Injinia Nicolas Cito, mtu wa Luxembourg, alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi ya reli ya Matadi–Léopoldville iliyokamilika mwaka 1898, reli ambayo wajenzi wake wengi Waafrika wamelala kando yake. Mwaka 2022 jumba lao la makumbusho ya taifa lilifanya maonyesho juu ya historia hiyo ya kikoloni. Vizuri. Nchi inayoanza kufungua kabati la namna hiyo tunaweza kuzungumza nayo.

Ubelgiji, ambayo nayo si kubwa ikipimwa na majirani zake, ilifuata njia nyingine. Novemba 2024, Umoja wa Ulaya ulipotaka kutoa tena euro milioni 20 kwa ajili ya jeshi la Rwanda linalopigana Msumbiji, Ubelgiji haikukubaliana na jambo hilo. Lakini haikuzuia. Sheria ya Ulaya ina mlango wa pembeni: nchi inaweza kujizuia kupiga kura, ikaacha wengine waendelee. Ubelgiji ilipita mlango huo. Luxembourg ingeweza kufanya vivyo hivyo tarehe 24 Februari. Ingesema: sisi tuna mashaka, endeleeni ninyi. Haikufanya hivyo, na kwangu mimi hilo ndilo swali ambalo wabunge wake walipaswa kumbana nalo waziri wao. Kuwa na mashaka ni haki ya kila mtu. Kuwafunga wengine 26 mikono kwa mashaka yako kunahitaji sababu nzito zaidi.

Ubelgiji ililipia msimamo wake. Tarehe 18 Februari Rwanda ilisimamisha ushirikiano wa maendeleo nayo. Tarehe 17 Machi ikavunja kabisa uhusiano wa kibalozi, na wanadiplomasia wa Ubelgiji wakapewa saa 48 kuondoka Kigali. Luxembourg haikulipa kitu.

Tarehe hiyohiyo, 17 Machi, Ulaya iliweka vikwazo. Luxembourg ilikuwa imekubali. Orodha ilikuwa na watu tisa na kampuni moja. Walikuwamo Bertrand Bisimwa, rais wa M23, na Bahati Musanga, yule ambaye M23 ilimweka kuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini. Walikuwamo makamanda watatu wa jeshi la Rwanda, na Francis Kamanzi, mkuu wa ofisi ya madini, mafuta na gesi ya Rwanda. Kampuni ilikuwa Gasabo Gold Refinery, kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Kigali. Maana ya vikwazo ni kwamba mali zao zilizo Ulaya zinafungwa, hakuna wa kuwapa pesa, na watu hao hawaruhusiwi kuingia. Orodha za miaka iliyotangulia zilikuwa zimewagusa pia watu wa FDLR, wa ADF na wengine wanaotuua, kwa hiyo wasiseme kwamba Ulaya ina jicho moja.

Kati ya 24 Februari na 17 Machi ni majuma matatu. Je, majuma hayo yaliokoa mazungumzo? Siku ya 18 Machi wajumbe wa serikali na wa M23 walitakiwa kukutana Luanda. M23 ikatangaza kwamba haitakwenda, na sababu iliyotoa ni vikwazo vya Ulaya. Bettel angeweza kusema: niliwaambia. Lakini siku ileile ya 18 Machi, Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikaa pamoja Doha, mbele ya Amir wa Qatar, wakasema wanataka vita visimame mara moja. Watu walikuwa hawajawaona wakikaa pamoja kwa muda mrefu. Vikwazo vilikuwa na umri wa siku moja. Havikumzuia mtu kupanda ndege kwenda Doha. Na siku iliyofuata, 19 Machi, M23 iliingia Walikale-centre.

Mnaona jinsi ilivyo ngumu kuchora mstari ulionyooka. Vikwazo havikuua mazungumzo kama alivyohofia Bettel, na havikusimamisha bunduki kama tulivyotumaini sisi. Anayewaambia kwamba karatasi moja kutoka Brussels ingeirudisha Bukavu anawadanganya. Askari waliokimbia Kavumu na Bukavu wakipora maduka hawakukimbizwa na Luxembourg. Lakini mwaka 2012 na 2013 tuliona kwamba misaada iliposimamishwa, na brigedi ikaingia, na majirani wakasema kwa sauti moja, jambo liliwezekana. Vyote vilikuja karibu karibu. Mwaka 2025 vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kikimngojea mwenzake: Marekani tarehe 20 Februari ikamwekea vikwazo James Kabarebe, Uingereza ikasimamisha sehemu ya misaada siku chache baadaye, Ujerumani mwanzoni mwa Machi, Ulaya katikati ya Machi. Mtu anayepigwa vidole kimoja kimoja hasikii ngumi.

Na kuna jambo ambalo lilibaki limefichwa nyuma ya kelele za vikwazo. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi na Rwanda mapatano juu ya madini muhimu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Februari 2025, Bunge la Ulaya liliomba mapatano hayo yasimamishwe, kwa kura 443 dhidi ya 4. Sikumbuki kura nyingine juu ya Kongo iliyopita kwa wingi wa namna hiyo. Mawaziri, kwa upande wao, walisema yatachunguzwa. Koltani ya Rubaya inaendelea kupanda magari. Kuwafungia watu tisa akaunti ni kazi ndogo ukilinganisha na kufunga njia ya madini, na katika jambo hilo la pili kimya hakikuwa cha Luxembourg peke yake. Wakubwa walijificha vizuri nyuma ya mdogo. Niseme waziwazi: nashuku kwamba miji mikuu zaidi ya mmoja ilifurahi siku ile kuona kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa.

Neno "bado" Luxembourg imelitumia pia mahali pengine. Bunge lake liliiomba serikali tangu mwaka 2014 iitambue Palestina, wakati utakapofaa. Wakati huo ulichukua zaidi ya miaka kumi kufika. Septemba 2025 huko New York, waziri mkuu Frieden akatangaza kwamba Luxembourg inaitambua, pamoja na Ufaransa na nchi nyingine. Wakati ulifaa baada ya Gaza kuwa kifusi. Nasema hili bila dharau. Nchi ndogo inayosubiri mpaka kundi liwe kubwa ndipo itembee nalo inajilinda, na historia yake inaeleza kwa nini inajilinda. Ila Februari 2025 kundi lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, na yenyewe ndiyo iliyobaki nyuma ikishika mlango.

Mama yule nilimwona tena mwezi uliopita. Nilimweleza haya kwa ufupi, na nilipofika kwenye ile sheria ya kila mzee kusema ndiyo, alinikatisha. "Basi sisi tuna watu huko?" Nikamwambia wako. Kuna Wakongo wanaoishi Luxembourg, kuna makanisa wanamosali, kuna wabunge 60 katika nchi ambamo mtu anaweza kukutana na mbunge wake sokoni. Nchi ya namna hiyo barua ya watu 30 inasomwa. Ujerumani barua hiyo ingepotea. Wale kati yenu mnaotusoma kutoka Brussels, Liège, Arlon na Luxembourg kwenyewe mnaelewa ninachosema. Arlon ni Ubelgiji bado, lakini watu wake wengi wanavuka mpaka kila asubuhi kwenda kufanya kazi Luxembourg.

Kuna tarehe ya kuweka kichwani. Vikwazo vya Ulaya juu ya vita vya Kongo havidumu milele. Vinafika mwisho kila mwaka tarehe 12 Desemba, na kabla ya siku hiyo nchi zote 27 lazima ziseme ndiyo tena ili viendelee. Luxembourg nayo.